Kwa Nini Sipaki Mzinga Rangi Nyeupe

Kabla hujapaka mzinga rangi, unuse. Weka pua mlangoni, pale pale nyuki watakapopita, vuta pumzi, halafu jiulize kama wewe ungelala humo na watoto wako. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa au ya dawa ya mchwa, uache juani mpaka harufu iishe. Nyuki hana haraka kama yako.

Ninyi mnaoanza sasa, mnaokuja kwangu hapa Nchelenge na kopo la rangi mkononi, huwa mnacheka nikiwaambia hivyo. Chekeni, hakuna ubaya. Lakini mkimaliza kucheka mnauliza wote swali lile lile: Fundi, kwa nini hupaki nyeupe? Nyeupe haishiki joto. Vitabu vinasema nyeupe. Ni kweli vinasema, na havidanganyi. Kwa kawaida nawajibu kwamba nyeupe inachafuka upesi. Leo nitawaambia yote, na njiani nitawafundisha kazi kidogo, ili msiseme mzee amewapotezea siku.

Mimi sikuzaliwa na nyuki. Nilivuka Ziwa Mweru nikiwa kijana, kutoka Kilwa, upande ambao siku zile tuliuita Zaire, na kazi niliyoikuta ng'ambo hii ilikuwa kupaka mitumbwi ya mbao. Aliyenifundisha ni Tata Kabwe, yaani Baba Kabwe, fundi wa mitumbwi, mtu mfupi mwenye vidole vilivyokuwa vimeshika lami miaka mingi mpaka havikutakata tena. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kama salamu: ubao hunywa maji pale msumeno ulipoukata, si ubavuni. Ndiyo maana mtumbwi huanza kuoza nchani, na mzinga huanza kuoza pembeni. Basi zile ncha zipakeni kwanza, ziache zinywe rangi mpaka zikatae, kisha zipakeni tena. Ubavu unaweza kusubiri.

Miaka ya sabini kikundi cha wavuvi kilitaka kufuga nyuki, kwa sababu samaki walikuwa na misimu ya kununa. Wazee wao walijua mizinga ya magome, ile ya kutundika juu ya mti, ambayo ukivuna unaiharibu. Hawa walitaka mizinga ya mbao yenye mfuniko. Mwenyekiti wao aliitwa Musonda, mtu mrefu, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata akila. Alimfuata Tata Kabwe, akamwambia, "Tata, mzinga ni mtumbwi yenye haina maji. Utashindwa?" Tata Kabwe akamjibu, "Mutumbwi inabeba bantu wajinga. Mzinga inabeba nyuki wenye akili. Ni kazi ingine." Lakini alikubali.

Tulikosea sana mwanzoni, na makosa yetu yawasaidie. Mtu mmoja wa kikundi aliupaka mzinga wake ndani, rangi ya buluu inayong'aa iliyobaki kwenye mtumbwi, akisema nyuki nao wanapenda nyumba nzuri. Kundi la nyuki likaja, likatua mlangoni, likakaa pale kama wageni walioona nyoka barazani, kisha likaondoka lote. Ndani hapapakwi. Ndani unasugua nta kuukuu kidogo, basi. Mwingine aliupaka wake kijani cha majani, akauweka kwenye majani, na siku ya kuvuna alizunguka mpaka akaukuta kwa kuukanyaga. Alikimbia mpaka majini. Tulimwita Bwana Kijani tangu siku ile, na alizeeka na jina hilo.

Nyeupe ilitujia kwa sababu rangi ya dukani ilikuwa imeadimika. Tata Kabwe alichukua chokaa, akachanganya na pemba, ule udongo mweupe unaochimbwa mabondeni, akatia gundi kidogo ili isioshwe na mvua. Ikatoka nyeupe safi, inakauka upesi, hainuki. Tulifurahi. Tukaisimamisha mizinga kwenye miguu ya mbao, kwenye ukingo wa miti kati ya barabara na matete ya ziwa, mstari mmoja, milango ikitazama maji. Kila mguu tuliuweka ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, ili siafu wasipande. Hiyo ifanyeni hata leo.

Hakuna kati yetu aliyerudi nyuma kutazama kile tulichokifanya. Ninyi mliozaliwa karibu na lami na redio mnaweza msijue: watu wa hapa walikuwa na vibanda vidogo vya mizimu, kimo cha goti au cha kiuno, na mtu alipotaka kuzungumza na wafu wake alikipaka pemba, kwa sababu pemba ni rangi ya walio upande ule. Watu wa kanisa walikuwa wameviacha, au walisema wameviacha. Na sisi tukaja tukajenga safu nzima ya nyumba ndogo nyeupe, kila moja na mlango wake, na ndani ya kila moja kuna kitu kinachonung'unika.

Mimi mtu wa ng'ambo sikujua. Tata Kabwe alijua, lakini macho yake yalikuwa kwenye ncha za mbao.

Asubuhi ya kwanza ya ukungu niliona mwenyewe. Ukungu wa ziwa ukipanda, unafuta miguu ya mizinga na kuacha vichwa tu, vyeupe, vikielea. Njia ya kwenda sokoni ilipita hapo. Wanawake wenye mabeseni ya samaki walikuja wakicheka kwa sauti, walipofika usawa wa mizinga wakanyamaza wote pamoja, wakapiga magoti, wakapiga makofi yale ya polepole ya heshima, wakainuka, wakaenda. Walipofika mbali kicheko kikarudi. Hakuna aliyeniangalia.

Siku zilizofuata nilikuta unga umemwagwa mbele ya milango, mduara mzuri, kama uliochorwa na mtu mwenye subira. Niliufagia, kwa sababu unga huita siafu. Kesho yake ukarudi. Nikafagia tena. Mmoja baada ya mwingine, watu wa kikundi wakaanza kuwa na shughuli nyingine siku ya kazi.

Wakati huo huo Chola alipotea ziwani.

Chola alikuwa mvuvi kijana, mtoto wa kaka yake Musonda; kaka huyo alikufa zamani. Alitoka kutega nyavu, na mtumbwi wake ukarudi wenyewe, umesukumwa na upepo mpaka kwenye matete, nyavu ziko ndani zimekunjwa, kasia liko ndani, mtu hayupo. Walitafuta. Ziwa Mweru kwa kawaida hurudisha watu. Huyu halikumrudisha.

Musonda ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, na neno la msiba lilikuwa lake. Akakataa. Alisema Chola alikuwa na mwanamke Kilwa, amepandishwa chomboni na wafanyabiashara, ametupa mtumbwi ili asitafutwe. "Tutalia mutu muzima? Akirudi na mutoto mukononi, tutamwambia nini?" Basi hakukuwa na matanga, hakuna moto uliowashwa nje, hakuna aliyelala kwa Bana Chola kumshika mkono. Bana Chola ndiye mama yake. Aliambiwa asubiri. Akawa mwanamke asiyeruhusiwa kulia mbele za watu, na kila aliyekutana naye alimuuliza kama Chola ameshatuma habari.

Wiki ile ile, kundi kubwa la nyuki lilitoka upande wa ziwa na kuingia kwenye mzinga wa mwisho wa safu, ule uliokuwa mtupu. Nitawaambia kama fundi: makundi huhama, na ulikuwa msimu wa kuhama. Lakini wanawake waliliona likija juu ya maji, jeusi, limejikunja, likaingia kwenye nyumba nyeupe iliyo karibu zaidi na mahali mtumbwi uliporudi. Basi, kwao huyo alikuwa Chola. Kutoka hapo Bana Chola alikuja kila siku.

Alikuja mchana, jua likiwa katikati, saa ambayo njia haina watu. Alikaa chini mbele ya mlango, karibu kuliko mimi ningethubutu, akaanza kusema. Mambo ya kawaida: jirani amenunua mbuzi, paa linavuja. Alimwaga unga, akamimina pombe kidogo ya mtama kwenye kizingiti. Nyuki walimtembelea usoni na hawakumuuma.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi na hofu vinapokutana. Mzinga wenye afya ukiugonga na kidole, unajibu mara moja, vuuu, kisha unanyamaza. Ukilia kwa muda mrefu bila kutulia, una shida: malkia amekufa, au joto limezidi. Ule mzinga wa mwisho haukujibu ukigongwa. Nyuki wake hawakuuma mtu yeyote. Mimi niliwahi kuegemeza mkono wangu mlangoni kwa bahati mbaya, wakauzunguka mkono kama maji yanavyozunguka jiwe. Kwa mtu wa nyuki hilo halifurahishi. Nyuki wapole kupita kiasi humfanya fundi atazame nyuma yake.

Tena kulikuwa na sauti. Bana Chola alipokuwa anasema, mzinga ulikuwa kimya kabisa. Aliponyamaza, ilianza, ya chini, ndefu, kama watu wanaoimba midomo imefungwa. Alipoanza tena kusema, ikakatika. Nilijiambia ni mabawa, wanapepea joto, na nyuki hupepea kweli. Kisha nikaisikia asubuhi moja ya baridi, nimejifunika blanketi, naona pumzi yangu. Hakuna joto la kupepea asubuhi kama hiyo.

Nilimwambia Tata Kabwe. Akasema, "Rangi umepaka vizuri?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi kazi yako ulimaliza. Ile ingine si yako."

Lakini ilikuwa yangu, kwa sababu mzinga ulikuwa unaoza. Ile pombe ilikuwa inapenya chini ya mlango na kunywewa na ncha za mbao za sakafu. Ule unga ulikuwa unaanguka ndani ya makopo ya oili, unafanya utando, na siafu walikuwa wameanza kuvuka juu yake kama watu wanaovuka daraja. Bana Chola alikuwa anauangusha kwa mikono yake mwenyewe ule ule mzinga alioushikilia. Nilichomeka kisu kwenye sakafu, kikaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Mvua zikianza, utaanguka.

Musonda alifurahi kusikia. Watu wake walikuwa wameacha kikundi kwa sababu ya mzinga ule. "Tuchome tu," alisema. "Tupake ingine rangi nyeusi, nyekundu, yoyote, na hii ya mwisho tuchome. Bantu batarudi."

"Na Bana Chola?" nikamuuliza.

"Bana Chola atangojea mutoto wake ku nyumba, kama mama wengine."

Nilimfuata mwenyewe pale mbele ya mzinga. Ninyi mtakaokuja kufanya kazi hii mtagundua kwamba nusu yake ni kuzungumza na watu, na nusu hiyo hakuna brashi yake. Nilikaa chini, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi: sakafu imeoza, siafu wamepata njia, mwenyekiti anataka moto. Ninaweza kubadilisha sakafu bila kuua nyuki, lakini lazima nifungue.

"Ukifungua, atatoka," akasema.

"Mayo, mama yangu, nisipofungua, wataliwa ndani."

Alipangusa unga viganjani, na ule mzinga ukaanza kuimba nyuma yake. Mwishowe akasema, "Fungua. Lakini bila moshi. Hatutamufukuza na moshi kama panya. Na Musonda akuwe pale. Yeye ndiye alisema mutoto wangu anakula ugali Kilwa. Akuje aone mwenye iko mu hii nyumba."

Kufungua mzinga bila moshi msifanye. Nawaambia wazi, hata nyuki wenu wawe wapole kama kondoo. Sisi tulifanya, mchana wenye mawingu bila upepo, ziwa limelala kama bati. Tata Kabwe alishika sakafu mpya, ameipaka nje tu na kuisugua nta ndani. Musonda alisimama mbali, amejifunga shuka mpaka machoni, kofia juu yake. Bana Chola alisimama upande wangu, mikono mitupu, uso mtupu.

"Musonda," akaita, "unaogopa nyuki ama unaogopa mutu?"

"Naogopa wewe, mulamu," akamjibu shemeji yake kutoka ndani ya shuka, na Tata Kabwe akacheka mpaka sakafu ikatetemeka mkononi.

Niliingiza patasi chini ya mbao, nikang'oa misumari, tukauinua mwili mzima wa mzinga na masega yake tukauweka kando juu ya magogo. Ile sauti ilikatika. Nimefungua mizinga mingi maishani, na kila mmoja hunguruma ukiusogeza. Huu ulinyamaza, na si nyuki tu. Hata ndege wa matete walikuwa wamenyamaza, au mimi ndimi niliyekuwa sisikii.

Sakafu ya zamani ilibaki juu ya miguu, wazi. Katikati yake palikuwa na tuta. Dogo, refu kama kiganja na vidole, limejengwa kwa gundi ya nyuki, ile nyekundu iliyokoza wanayoileta kutoka kwenye miti. Lilikuwa laini, limezungushwa pembe zake vizuri. Na nyuki walikuwa wamesimama kulizunguka, vichwa vimelielekea, hawasogei. Sijawahi kuona tena nyuki wasiosogea kwenye mwanga.

"Ni nini?" Musonda akauliza. Alikuwa amekaribia bila kujua.

Bana Chola akasema, "Ni sindano yake." Ile ya mbao ya kufumia nyavu, bapa, nyembamba. Aliikuta sakafuni mwa mtumbwi uliorudi, akaificha nguoni, na siku Musonda alipokataa matanga aliisukuma ndani ya mlango wa mzinga. Hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Musonda aliinama. Kwa mvuvi, sindano ile ni kama mkono. Akauliza, polepole, "Banafunikaka vile kitu gani?"

Ni Tata Kabwe aliyejibu. "Kitu yenye ilikufa, na banashindwa kuitosha inje. Panya. Mjusi. Banaifunika isioze katikati yao."

Ni kweli. Panya akifia ndani ya mzinga, nyuki humzika kwa gundi. Ila Tata Kabwe alijua, na mimi nilijua, kwamba nyuki hupaka gundi pia kwenye msumari, kwenye ufa, kwenye kijiti chochote kilichobaki ndani. Hakulisema. Nami niliangalia patasi yangu.

Musonda alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona kichwa chake, kilikuwa na upara mdogo wa mviringo. Akaketi chini kwenye majani, akafunika uso kwa ile kofia, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ya mwanamume anayelia kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Bana Chola alipomsikia, naye akafungua mdomo. Kilio chake kilifika sokoni. Watu wakaanza kuja mbio kwenye njia, na walipoona mkuu wa ukoo yuko chini, hawakuuliza.

Kwa kazi, gundi hukwanguliwa. Sakafu ya zamani huchomwa, au hukatwa kuni. Ile niliikata kwa msumeno kuzunguka tuta, taratibu, nikampa Musonda kipande, na yeye akakibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Moto uliwashwa nje jioni ile, na wanawake walilala kwa Bana Chola. Walikizika kipande kile mahali wanapozikwa watu wao, na jina la Chola likatajwa kwa sauti.

Tulipigilia sakafu mpya na kuurudisha mzinga mahali pake. Matanga yalipokwisha, tulikwenda kupaka upya safu nzima. Tulichanganya udongo mwekundu wa hapa na mafuta ya kitani, na kila mlango tukauwekea alama yake, mstari, duara, msalaba, kwa sababu nyuki hupotea nyumba zikifanana. Jifunzeni hilo: alama mlangoni, ncha za mbao kwanza, na ukipaka mzinga wenye nyuki ndani, tumia kitambaa, si brashi, maana nyuki hunasa kwenye nywele za brashi na kukasirika.

Bana Chola alikuja kutazama. Nilikuwa nimeugonga ule mzinga wa mwisho kabla hajafika, nao ukanijibu, vuuu, na kunyamaza. Yeye alisogea kama alivyozoea, akainama mlangoni, akafungua mdomo aanze habari za jirani.

Wakamuuma mdomoni. Kisha sikioni, kisha shingoni. Tulikimbia wote, Musonda mbele akishika kofia yake, Tata Kabwe akitukana kwa lugha mbili, na hatukusimama mpaka tulipofika barabarani. Bana Chola aliketi kwenye jiwe, mdomo umeshavimba upande mmoja, machozi yanamtoka, na niliogopa kumtazama. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwe bantu, jamani," alisema, akijing'oa mwiba wa nyuki kwa kucha. "Sasa ni nyuki tu."